Jina Langu Kwenye Orodha ya Macho

Mjomba wangu ndiye aliyenifundisha kazi, ndiye aliyenitafutia kazi, na ndiye aliyenifukuzisha kazi, na yote matatu aliyafanya kwa sauti ileile ya upole. Nalisema hili mwanzoni kwa makusudi. Sitaki mtu asome akaanza kumpenda taratibu kama nilivyompenda mimi, halafu akaumia mwishoni. Heri aumie mapema, tuendelee.

Ni kaka yake mama, wamepishana miaka mitatu. Baba yangu alipoondoka nyumbani (aliaga kwamba anakwenda kununua betri za redio, na huenda mpaka leo bado anazichagua), Mjomba aliziba pengo bila kuombwa. Alinipeleka shule, akanikagua madaftari, akaja kwenye kila mkutano wa wazazi na kukaa kiti cha mbele. Nilipomaliza chuo aliniambia nafasi imetangazwa katika hospitali ambako yeye ni fundi mkuu wa kompyuta. Tulifika kwenye usaili watu kumi na saba. Zamu yangu ilipowadia alinyanyuka akatoka chumbani ili asije akasemwa. Alikuwa mtu wa namna hiyo, na ndiyo maana nilichelewa kumwelewa.

Ofisi yetu ilikuwa chini, nyuma ya maabara, na dirisha lake lilitazama uwanja wa kuanikia mashuka. Meza mbili, kabati moja la nyaya, na feni iliyokuwa ikilalamika kuliko wagonjwa. Seva zilikuwa ghorofa ya tatu, kwenye chumba chembamba chenye kiyoyozi kinachodondosha maji ndani ya ndoo. Lifti ilikufa kabla sijaajiriwa. Mjomba ana goti bovu, kwa hiyo kila umeme ulipokatika na seva zikahitaji kuwashwa upya, aligeuka na kiti chake, akanitazama kwa huruma, akasema, "Goti, mama. Panda wewe." Nami nilipanda. Ngazi sitini na sita, nazijua moja moja.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaona nilivyochinjwa. Tovuti ya ndani ya hospitali haifanyi kila kitu kwa mkono wake. Muuguzi akibonyeza Hifadhi, tovuti huita programu nyingine iliyo nje yake, huituma, husubiri jibu. Moja ya programu hizo tuliipa jina la Karani. Kazi ya Karani ni kuandika kila badiliko: nini kimebadilika, saa ngapi, na nani kabadilisha. Lakini Karani hamjui aliyekaa kwenye kiti. Husoma jina kwenye vigeu vya mazingira, yaani maelezo mafupi ambayo kila programu hukabidhiwa inapoamshwa: jina la mtumiaji, folda yake, lugha yake, mahali pa kutafutia programu nyingine. Asipokabidhiwa maelezo mapya, Karani huchukua ya tovuti iliyomwita. Na tovuti nayo ilichukua ya mtu aliyeiwasha. Mtoto anavaa nguo za mzazi, na mzazi alivaa za mtu aliyepanda ngazi siku ile.

Kwa wauguzi hapakuwa na tatizo. Kila mmoja aliingia kwa nywila yake, na tovuti ilimpa Karani jina la muuguzi huyo kabla ya kumtuma. Ila kulikuwa na ukurasa mmoja wa zamani, ukurasa wa mafundi, ambao Mjomba aliuandika enzi alipokuwa peke yake. Ukurasa ule haukumpa Karani jina lolote. Nywila yake tuliijua wawili, mimi na yeye. Yeyote aliyebadilisha kitu kupitia ukurasa ule, Karani aliandika jina langu, kwa sababu mimi ndiye niliyeiwasha seva.

Jambo hili nililigundua mwenyewe. Nilirudi kutoka likizo nikakuta nimefanya kazi siku tatu ambazo nilikuwa nimelala kitandani na homa. Nilicheka, nikamwonyesha Mjomba, naye akacheka. Kisha nikakaa siku nzima nikaandika dawa yake, mistari minane. Seva iwashwe kwa akaunti yake yenyewe, si kwa akaunti ya mtu, na Karani asirithi kitu: asafishwe kabisa, apewe vitu vinne tu anavyovihitaji, na ukurasa usiomtaja mtu uandike neno "seva". Mjomba aliisoma mistari ile akiwa amesimama. Akasema hajawahi kuona kazi safi hivyo, kwamba mwanafunzi amempita mwalimu. Halafu akasema tusiiweke sasa, tusubiri wakaguzi wapite. Wakaguzi walipita. Akasema tusubiri mwezi uishe. Ikapita miezi minne, na mimi nimevishwa kilemba cha ukoka, natembea nacho kichwani kwa maringo.

Sasa Orodha ya Macho. Hospitali yetu ina madaktari wa macho, lakini wagonjwa ambao mtoto wa jicho amekomaa na shinikizo la jicho liko juu, hao wanamsubiri daktari bingwa anayekuja mara mbili kwa mwaka. Anakaa siku mbili, anapasua watu kumi na wawili, anaondoka. Orodha hupangwa na wodi kwa kufuata hali ya jicho na tarehe ya kuandikishwa. Mama yangu alikuwa wa thelathini na moja.

Mama ni mwalimu mstaafu wa darasa la pili. Amefundisha nusu ya mtaa wetu kusoma, na yeye mwenyewe kwa miaka miwili alikuwa hawezi kusoma hata kibandiko cha dawa. Alitutambua kwa vishindo vya miguu. Aliweka vidole ndani ya kikombe ili ajue chai imefika wapi, akaungua, akakanusha kwamba ameungua. Wiki mbili kabla ya daktari kufika, Mjomba alikuja nyumbani mchana wa Jumapili na habari kwamba watu wengi wamejitoa, na mama sasa ni wa sita. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Nilimpeleka mama mwenyewe, nikamshika mkono mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, na kitambaa kilipotolewa machoni akanitazama akasema nimekonda. Nililia mbele ya wauguzi. Ni furaha kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na ninawachukia walioichafua.

Siku kumi na mbili baadaye matroni wa wodi ya macho aliniita. Ni mwanamke wa maneno machache, mwenye kalamu tatu mfukoni, anayeheshimiwa hata na madaktari wanaojifanya hawaheshimu mtu. Hakunikaribisha kiti. Alinisogezea karatasi iliyochapwa kutoka kwa Karani. Jumatano, saa saba na dakika arobaini mchana, mgonjwa wa thelathini na moja amehamishiwa nafasi ya sita. Aliyebadilisha: jina langu, kamili, na la ukoo. Hakuna mtu aliyejitoa. Kila aliyekuwa kati ya nafasi ya sita na ya thelathini alisukumwa hatua moja, na wa kumi na mbili akawa wa kumi na tatu.

Matroni aliniambia wa kumi na mbili alikuwa nani. Fundi cherehani, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, ambaye jicho moja lilikuwa limeshakwisha na la pili ndilo alilotungia uzi. Alifika na begi lake la nguo, amefunga tangu jana yake, akaambiwa arudi baada ya miezi sita. Binti yake alikuwa na ujumbe wa hospitali kwenye simu: wewe ni namba 12. Ndiye aliyekuja kulalamika. Na lile jicho halikusubiri miezi sita. Matroni alisema kwa sasa anaona mwanga tu, kwamba sasa ni mchana na sasa ni usiku.

Nilielewa papo hapo, sikuhitaji kuchunguza. Jumanne yake umeme ulikuwa umekatika na mimi nilipanda ngazi. Badiliko lilipitia ukurasa wa mafundi. Nywila tunaijua wawili, na mimi sikufanya. Kutoa moja katika mbili alinifundisha mama yangu. Lakini mdomo wangu ulikataa kulitaja jina la Mjomba mbele ya matroni kabla sijamsikia mwenyewe. Nikamwambia si mimi, na kwamba nitaleta maelezo. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekutwa na unga mdomoni akasema hajagusa andazi.

Mjomba nilimkuta anasafisha kibodi kwa mswaki wa zamani, herufi moja baada ya nyingine. Niliweka karatasi juu ya kibodi. Aliisoma, akaweka mswaki chini, akavua miwani. Hakukana, na kwa hilo nilimshukuru wakati ule. Alisema mama yangu angepofuka. Alisema amemwona dada yake akipapasa ukuta wa nyumba aliyoijenga mwenyewe, akashindwa kuvumilia.

"Na jina langu?" nikamwuliza. "Ulijua Karani ataandika jina langu?"

Akasema hakufikiria. Alikuwa na haraka, alifungua ukurasa aliouzoea, hakukumbuka mambo ya nani kawasha nini. Nilitaka sana kumwamini. Mtu anayeanguka hushika hata jani.

"Kuna mkutano Alhamisi," nikamwambia. "Mkurugenzi atakuwepo, na binti wa yule fundi."

"Nitasema mwenyewe, mama. Mbele yao wote. Nipe mpaka Alhamisi nijipange, nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu, si jambo la kulisema barabarani. Lakini nitasema. Mimi nikuache wewe uchafuke?"

Akanishika kichwa kama alivyokuwa akinishika nilipofaulu mtihani. Nilikwenda nyumbani nikiwa na hasira naye na huruma naye kwa pamoja, na mama nikamficha, nikisema ajiuguze kwanza. Siku zile tatu nilimsalimia Mjomba kama kawaida, nikamchotea maji ya kunywa kama kawaida. Nilimwachia nafasi ya kuwa mtu mzuri. Alhamisi asubuhi nilifika saa mbili, naye alikuwa ameshafika, ameketi, shati limelowa jasho mgongoni. Nikadhani ni wasiwasi wa mkutano.

Mkutano ulikuwa kwenye chumba cha bodi, penye meza ndefu na viti vinavyozunguka. Walikuwepo mkurugenzi, afisa utumishi na daftari lake, matroni, na binti wa fundi cherehani, msichana mrefu aliyekuja na sare ya kazi yake ya dukani. Hakunitukana. Alieleza tu jinsi baba yake anavyokaa sasa mbele ya cherehani lililofunikwa, mikono juu ya kitambaa, kana kwamba anasubiri mteja. Kisha akauliza swali moja: aliyefanya hivi alijua ni nani anamtoa, au hakujali? Mimi niliangalia upande wa Mjomba, nikisema moyoni, ndiyo sasa, simama.

Mkurugenzi akamgeukia yeye, kama fundi mkuu. Alimwuliza kwa lugha ya kawaida: inawezekana kumbukumbu hizi zikaandika jina la mtu ambaye hakuhusika?

Mjomba alikohoa. Alitazama meza.

"Kwa ninavyoijua mimi," akasema, "ile programu haidanganyi. Inaandika jina inalolikuta."

Sikusikia uongo hata mmoja ndani ya sentensi ile, na bado ilikuwa uongo mtupu. Nakumbuka niliangalia mikono yake, mikono iliyonifunga kamba za viatu, imetulia juu ya meza, kidole kimoja kinagusa kingine. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nilikuwa nimeyastaajabu ya baba kununua betri.

Nikasimama bila kuruhusiwa. Niliwaambia nitawaonyesha. Nilieleza kwa pumzi moja: seva huwashwa na mimi, ukurasa wa mafundi haumtaji mtu, Karani hurithi jina langu hata kama aliyebonyeza ni mwingine. Nikamwomba matroni akae kwenye kompyuta ya chumba kile, nikamwandikia nywila kwenye karatasi, nikamwambia aongeze nukta moja kwenye maelezo ya mgonjwa wa majaribio, kisha abonyeze Hifadhi. Mimi nilikwenda kusimama ukutani, mikono nyuma, kila mtu ananiona. Nikasema fungueni kumbukumbu, mtakuta ni mimi niliyeweka nukta hiyo.

Matroni alifungua. Alisoma, akageuka kunitazama, akasoma tena kwa sauti. Aliyebadilisha: seva.

Kwa muda sikuelewa neno lile limetoka wapi. Kisha nikaelewa vizuri mno. Ilikuwa mistari yangu minane. Ile dawa niliyoiandika, ile iliyosubiri wakaguzi, ikasubiri mwisho wa mwezi, ikasubiri miezi minne, ilikuwa imewekwa. Karani sasa alikuwa msafi, harithi kitu, anafanya kazi sawasawa kama nilivyokusudia. Nikakumbuka jasho kwenye shati. Alipanda ngazi sitini na sita kwa goti lile asubuhi na mapema, akaweka kazi yangu kwa mikono yake, ili nikisimama kujitetea nionekane mwongo.

Nilisema hivyo. Nilisema ameiweka leo, ameiweka kunifunga. Lakini nilikuwa nimeanza kupaza sauti, na mtu akishapaza sauti katika chumba cha bodi huwa ameshindwa. Afisa utumishi alimwuliza Mjomba kama amegusa chochote kwenye seva wiki hii. Akatikisa kichwa. Kisha, kwa ile sauti ya upole, akaomba aseme neno. Alisema mimi ni kijana, ni mchapakazi, kwamba nilimhurumia mama yangu, na nani asingemhurumia mama yake? Akaomba wasinipeleke mbali, waniachishe tu. Kuuma na kupuliza. Binti wa fundi cherehani alinitazama kwa chuki iliyotulia. Mkurugenzi aliamua: nimeachishwa kazi, nina siku saba za kukata rufaa kwa maandishi.

Nilikusanya vitu vyangu kwenye mfuko wa plastiki, kikombe na kandambili. Kabla ya kutoka ilinibidi nirudishe ufunguo wangu wa ofisi kwa mlinzi wa funguo, mzee mmoja mtani aliyekaa kwenye kibanda chini ya ngazi na daftari lake. Kila anayechukua ufunguo wa chumba cha seva huandika jina na saa, na mzee yule haamini mtu, hata mkurugenzi huandika. Alipokea ufunguo, akaniuliza kama goti la Mjomba limepona, maana leo kapita hapo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anapanda huku anashika ukuta, mara ya kwanza tangu yeye mlinzi aanze kazi pale. Nikamwomba nilione daftari. Lilikuwa hapo, mwandiko wa Mjomba ulioinama kulia, ambao uliwahi kusahihisha hesabu zangu za darasa la tano. Nikaupiga picha kwa simu.

Nikakumbuka na jambo jingine, la kazi tu. Kila Jumapili seva hunakiliwa yote, na nakala hufungwa kwenye kabati la matroni. Nakala ya Jumapili iliyopita haikuwa na mistari yangu. Mtu yeyote akiiwasha kwa akaunti yake, hata mkurugenzi, kisha matroni akabonyeza Hifadhi kwenye ukurasa wa mafundi, Karani angeandika jina la mkurugenzi. Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu, nikiipanga rufaa kichwani, na kwa mara ya kwanza siku ile nilikuwa napumua. Nilikuwa na hakika ya jambo moja: mama akisikia kaka yake alichofanya, atavaa viatu aende kumkabili mwenyewe. Mama yangu aliwahi kumfuata mwalimu mkuu mpaka kwake kwa sababu ya mtoto wa mtu mwingine.

Alikuwa sebuleni, amevaa miwani ya kusomea aliyopewa wodini, anasoma gazeti la mwezi uliopita. Alikuwa akisoma kila kitu siku zile, hata maandishi kwenye kopo la maziwa. Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake nikamweleza yote, tangu karatasi ya matroni mpaka neno "seva". Nilimweleza na fundi cherehani. Alikunja gazeti mara mbili, mara nne. Hakusema ngoja. Hakusema siamini.

Nilipofika kwenye goti na ngazi, akasema, "Alinipigia jana. Nilimwambia asipande, ataanguka."

Sikumwelewa. Nikamwuliza alimwambia asipande wapi.

"Mwanangu, keti vizuri." Nilikuwa nimeketi. "Mjomba wako alikuja kuniuliza kabla hajafanya. Mimi sikukubali kwanza. Nikamwuliza, likijulikana itakuwaje? Akasema likijulikana, litaonekana jina lako, si lake."

"Akasema hivyo? Kabla?"

"Kabla."

Kwa hiyo alijua. Alijua siku anabonyeza, alijua wakati anasafisha kibodi, alijua aliponishika kichwa. Na hilo nilikuwa nimeshalijua moyoni tangu chumba cha bodi. Nililotaka kulijua ni jingine.

"Na wewe ukasemaje, mama?"

Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, ingawa ilikuwa safi.

"Nikasema yeye amebakiza miezi, akifukuzwa sasa anapoteza maisha yote. Wewe una miaka ishirini na nane. Una elimu. Utapata pengine. Nilikuwa sioni, mwanangu. Hujui ni nini kutoona."

"Fundi cherehani anajua."

Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ukivua nguo hiyo utabaki na nini. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa Mjomba, kwa sababu mama nilikuwa nimemweka nje ya hesabu. Kigelegele changu cha Jumapili ile walikisikiliza wote wawili, wakijua, wakatazamana, wakaniacha nipige. Nilimwuliza kama aliona aibu. Akasema aliona aibu sana. Akasema pia, bila kujificha, kwamba asubuhi anapofumbua macho akaona dirisha, hawezi kusema kwa kweli kwamba angeulizwa tena angekataa. Nilimheshimu kwa hilo na sikumsamehe.

Niliketi kwenye meza ya kulia chakula, palepale aliponifundisha kuumba herufi, nikaandika rufaa. Niliandika kuhusu Karani na jinsi anavyorithi jina, nikaandika kuhusu nakala ya Jumapili na namna ya kuijaribu, nikaandika saa kumi na mbili na nusu na daftari la mlinzi. Niliandika jina la Mjomba, kamili, na la ukoo. Halafu nikaandika kwamba mgonjwa aliyehamishwa aliulizwa kabla, akaelezwa ni nani atakayebeba lawama, akaridhia, na nikaandika jina lake. Mwisho niliomba hospitali imtafutie fundi cherehani daktari wa kumwona mwezi huu, si baada ya miezi sita, na barua yangu isomwe yeye na binti yake wakiwepo. Zilikuwa kurasa mbili. Jua lilikuwa bado juu, ofisi ya mkurugenzi hufungwa saa kumi.

Nilimpa mama aisome. Ningeweza kuondoka nayo, lakini sikutaka kumfanyia nilivyofanyiwa.

Alivaa miwani. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama alivyowafundisha watoto wa watu, na midomo yake ilitikisika kidogo alipofika kwenye jina la kaka yake. Aligeuza ukurasa. Alikaa muda mrefu kwenye ukurasa wa pili, kidole kimesimama mahali pamoja. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama jina lake ni lazima liwemo.

"Ni lazima," nikamwambia.

Akanirudishia karatasi. Nilitia sahihi mbele yake, naye akatazama mpaka herufi ya mwisho.